Park Place, New York: Kituo Ambacho Sheria Haikukizuia

Ndugu zangu watazamaji, salaam. Wengi wenu mmeniandikia mkiuliza kama ni kweli kwamba Marekani, nchi inayojinadi kwa uhuru wa dini, iliwakataza Waislamu kujenga kituo chao jijini New York. Serikali haikuwakataza, na hapo ndipo penye uchungu wa kisa chenyewe.

Mtaa wa Park Place uko kusini mwa Manhattan, mitaa miwili tu kutoka mahali iliposimama minara ya World Trade Center. Palikuwa na jengo la karne ya 19 lililotumika kama duka la nguo hadi Septemba 11, 2001, siku ambayo kipande cha magurudumu ya mojawapo ya ndege zilizoiangusha minara hiyo kilitoboa paa lake, na tangu hapo likabaki tupu kwa miaka. Mwaka 2009 mfanyabiashara Sharif El-Gamal alilinunua, na Waislamu wakawa wanaswali humo kwa kuwa msikiti uliokuwa karibu ulikuwa umefurika. Walisujudu chini ya paa lile lile, wala hakuna aliyekuja kuandamana mlangoni.

Kelele zilianza mwaka uliofuata, El-Gamal na mshirika wake Imamu Feisal Abdul Rauf walipotangaza mpango wa kituo cha ghorofa zipatazo 13 chenye bwawa la kuogelea, ukumbi wa viti 500, mahali pa kuswalia na kumbukumbu ya waliouawa siku ile, kwa gharama ya dola milioni 100. Hata video mnazorushiana hadi leo zinasema msikiti ulikusudiwa kujengwa juu ya makaburi ya wahanga, jambo ambalo si kweli.

Kisheria hapakuwa na mgogoro. Mnamo Mei 2010 bodi ya jamii ya eneo hilo, ambayo kazi yake ni kushauri tu, iliunga mkono mpango kwa kura 29 dhidi ya 1, huku wajumbe 10 wakijizuia kupiga kura. Wapinzani wakajaribu njia nyingine: jengo litangazwe kuwa la kihistoria ili lisibomolewe. Tarehe 3 Agosti tume ya jiji ya kuhifadhi majengo ya kihistoria ilikataa kwa kura 9 bila pingamizi, na siku hiyo hiyo Meya Michael Bloomberg, akiwa na viongozi wa dini mbalimbali, alieleza kwamba serikali haina mamlaka ya kumchagulia mwenye mali yake dini ya kuabudu ndani yake.

Basi hoja ikageuka: haki wanayo, lakini je, ni busara? Hoja hii ina sura ya upole, ndiyo maana iliwavuta hata watu wasio na chuki, na sitamkejeli mzazi aliyempoteza mwanawe halafu akaumia kusikia habari hizo. Lakini familia za wafiwa hazikuwa na kauli moja; wapo waliounga mkono ujenzi, na miongoni mwa waliokufa walikuwamo Waislamu. Zaidi ya hayo, anayeambiwa awe na busara huwa ni yule yule mchache, na kipimo cha busara hiyo hushikwa na mwenye wingi.

Wakatoliki nao waliwahi kuwa wachache wa namna hiyo: jirani kabisa na jengo hilo, katika mtaa wa Barclay, lipo kanisa la Mtakatifu Petro, parokia ya kwanza ya Kikatoliki katika jimbo zima la New York. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1785, katika mji ambao sheria ya kikoloni ya mwaka 1700 ilikuwa imewapiga marufuku mapadri, na mkesha wa Krismasi wa 1806 umati ulilizingira kwa ghasia. Ni mbele ya altare ya kanisa hilo hilo ambapo Septemba 11 wazimamoto waliulaza mwili wa kasisi wao, Mychal Judge.

Kituo hakikujengwa kama kilivyotangazwa. Mwaka 2011 El-Gamal na Imamu Rauf walitengana, fedha hazikupatikana kama ilivyotarajiwa, na kiwanja hatimaye kikaelekezwa kwenye mnara wa makazi ya kifahari. Kwa maoni yangu, mradi huu ulikuwa na ndoto kubwa kuliko jumuiya iliyousimamia. Huko Murfreesboro, jimbo la Tennessee, ambako Waislamu nao walikuwa wakijenga kituo chao, mambo yalikwenda vingine: mitambo ya ujenzi ilichomwa moto mwaka 2010, na wapinzani wakadai mahakamani kwamba Uislamu si dini, lakini waumini wa pale walichangishana na kung'ang'ania kesi hadi jaji wa shirikisho alipoamuru wapewe kibali, wakaswali Ijumaa yao ya kwanza ndani ya jengo jipya katika Ramadhani ya mwaka 2012.