Kupasuliwa Kiganja: Si Lazima Ulazwe Usingizi

Assalamu alaykum, na habari za jioni mama zangu, baba zangu.

Tunazungumza juu ya wale ambao usiku huamshwa na vidole vinavyowaka na kufa ganzi: gumba, cha shahada, cha kati. Mafundi cherahani wa hapa Mombasa wananielewa vizuri. Neva inabanwa penye kifundo cha mkono, chini ya ukano mpana. Daktari anaukata ukano ule, neva inapata nafasi. Mara nyingi kazi yenyewe haifiki nusu saa. Wengi hawaogopi kisu, wanaogopa nusukaputi, yaani kulazwa usingizi kabisa.

Nusukaputi ipo, ila kwa kiganja mimi huiona kubwa mno. Usile kwa saa sita kabla, na mwenye sukari hapo mpango wake wote wa dawa unavurugika.

Kuna njia ya Mjerumani August Bier, ya tangu 1908: mkono unafungwa mkanda wa kuzuia damu, kisha dawa ya ganzi inaingizwa mshipani. Inafanya kazi. Lakini mkanda ukilegezwa kabla ya dakika kama 20, dawa itakimbilia moyoni na kwenye ubongo. Basi hata upasuaji ukiisha mapema mkanda unabaki, nao unauma. Sindano ya kwapani nayo hulaza mkono mzima; ni kuzima umeme wa mtaa ili ubadilishe balbu moja.

Ninayoipenda ni lignokaini, dawa ya ganzi, yenye adrenalini, inayochomwa papo hapo kiganjani. Adrenalini hubana mishipa midogo, damu inapungua, mkanda hauhitajiki. Daktari mpasuaji Donald Lalonde wa Kanada ameieneza sana njia hii. Sharti lake subira: ungoje dakika 25 hivi ndipo ukate. Zamani ilisemwa adrenalini huozesha vidole. Kumbe lawama kubwa ilikuwa ya prokaini, dawa ya kale ya ganzi iliyochanganywa nayo, iliyokuwa ikigeuka asidi ikikaa. Na siku hizi ipo fentolamini ya kuizima adrenalini ikibidi.

Dada wa huko nyuma ameuliza kama atahisi kitu. Utaguswa na kuvutwa utajua, maumivu hapana. Inayouma ni sindano ya kwanza. Mwombe daktari aisukume polepole, na aitie sodiamu baikaboneti kidogo ipunguze mwako. Mwenye maradhi ya moyo aseme mapema. Na nyinyi wa vidonge vya kuyeyusha damu, msiviache kwa uamuzi wenu. Mara nyingi kwa kazi hii havisimamishwi.