Samaki wa Pangoni na Kovu la Moyo

Shikamooni wazee wangu, na wengine habari za jioni. Mliokaa mbele msishtuke na hii sahani, ni moyo wa ng'ombe, nimepita buchani asubuhi. Mama, hebu ubonyeze kwa kidole. Unaona unavyonesa? Hiyo yote ni misuli. Mtu akipata mshtuko wa moyo, mshipa unaolisha sehemu mojawapo umeziba. Damu haifiki, seli zinakufa ndani ya saa chache, na mwili unaziba pengo kwa kovu. Kovu linashikilia, lakini halidundi.

Sasa yupo samaki mdogo mwenye mistari kama punda milia. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani waliripoti kwamba ukimkata karibu asilimia 20 ya chemba inayosukuma damu, miezi miwili tu imejijenga upya. Kwa nini yeye aweze, sisi tushindwe? Ukimlinganisha na mtu utapotea, maana tofauti ni nyingi mno, hujui ushike ipi.

Ndiyo maana mimi nampenda zaidi samaki wa Meksiko, Astyanax mexicanus. Wa mtoni ana macho na rangi. Ndugu zake walioingia mapangoni zama za kale ni vipofu, weupe wa kuelekea waridi. Hata hivyo ni spishi moja, ukiwaweka pamoja wanazaana. Mtafiti Mathilda Mommersteeg na wenzake wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, walichukua wa mtoni na wa pango la Pachón, wakawajeruhi moyo sawasawa. Wa mtoni akapona. Wa pangoni akabaki na kovu, kama sisi. Wakawachanganya, na wajukuu wakatoka tofauti: huyu anapona vizuri, yule kidogo, mwingine hapati kitu. Kumbe uwezo huo unarithiwa! Matokeo yalitoka 2018, yakionyesha sehemu tatu zinazohusika katika jenomu, yaani jumla ya maelekezo ya urithi yaliyo ndani ya seli. Jeni moja, yaani elekezo moja kati ya hayo, iitwayo lrrc10, ilichangamka zaidi kwa wa mtoni baada ya jeraha. Ilipozimwa kwa yule mwenye mistari, naye akashindwa kupona sawasawa.

Jeni hiyo nasi tunayo. Naam, mzee pale nyuma? Kama ipo dawa ya kuiamsha? Hapana, bado. Leo hii kinachookoa misuli ni kuuzibua mshipa mapema, kabla seli hazijafa. Mama, huo moyo usiuache hapo, utaliwa na paka.