Maafa Yakifunga Uwanja, Timu Inahamiaje?

Mbukwenyi wana Dodoma! Shikamooni wazee wangu wa Kongwa, Bahi na Chamwino. Wadogo zangu wa Nkuhungu na Area C, mambo vipi?

Leo nawapeleka Oklahoma City, hapa Marekani. Jengo hili mnaloliona nyuma yangu linaitwa Paycom Center. Mwaka 2005 liliitwa Ford Center, na jiji hili halikuwa na timu yoyote ya NBA, ile ligi kuu ya kikapu ya Marekani. Tarehe 29 Agosti mwaka huo kimbunga Katrina kikaipiga New Orleans, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka hapa kwa barabara, na timu ya kikapu ya kule, Hornets, ikahamia humu kwa misimu miwili. Nataka tuangalie timu inavyohamishwa maafa yakitokea, maana timu yetu ya soka, Dodoma Jiji, nayo nyumbani kwake ni uwanja wa Jamhuri, na mvua za kwetu zinakuja kwa miezi michache tu lakini zikija zinakuja kwa hasira.

Cha kwanza, uwanja unaweza kufungwa bila ukuta hata mmoja kuanguka. Superdome, uwanja mkubwa wa New Orleans, ilipasuliwa paa na upepo, ndiyo, lakini wakati huohuo ilikuwa imejaa maelfu ya watu waliokimbilia humo kujiokoa. Japani, baada ya tetemeko na tsunami ya tarehe 11 Machi 2011, kituo cha mazoezi ya soka cha J-Village kiligeuzwa kambi ya wafanyakazi waliokuwa wakishughulikia mtambo wa nyuklia wa Fukushima. Sasa rudini kwetu. Matope ya Mlima Hanang yalipoifunika Katesh tarehe 3 Desemba 2023, walionusurika walihifadhiwa mashuleni. Jambo kama lile likitokea Dodoma mjini, macho ya mkoa yatakwenda moja kwa moja Jamhuri: kuna uzio, kuna mageti, kuna vyoo, kuna eneo la wazi la kupokelea misaada. Na ni haki kabisa, watu kwanza. Kwa hiyo meneja wa timu asikae akisubiri ripoti ya mhandisi kuhusu nyufa. Ahesabu kwamba uwanja hana.

Pili, unahamia wapi. Hapa New Orleans imetuachia mifano miwili ya mwaka uleule. Saints, timu yao ya futiboli ya Kimarekani, waliweka kambi San Antonio, Texas. Mechi zao nane za nyumbani zikagawanywa: tatu San Antonio, nne Baton Rouge, na ile ya kwanza kabisa ikapelekwa kwenye uwanja wa wapinzani wao, New York Giants. Yaani wewe ni mwenyeji kwenye karatasi, halafu jukwaa zima linamshangilia mgeni! Walifungwa 27 kwa 10. Msimu wakaumaliza wameshinda mechi 3 na kupoteza 13. Hata mechi za Baton Rouge, ambazo ni za jimboni kwao, kwa wachezaji zilikuwa safari, kwa sababu kitanda na uwanja wa mazoezi vilikuwa San Antonio.

Hornets walifanya tofauti. Msimu wa kwanza mechi zao nyingi za nyumbani walizicheza humu ndani ya jengo hili, na chache zilizobaki wakazipeleka kwingine, zikiwemo tatu New Orleans kwenyewe. Kambi, mazoezi, nyumba za wachezaji na shule za watoto, vyote mji mmoja. Tena kabla ya msimu kuanza kulikuwa na mkataba wa maandishi: mapato yakipungua chini ya kiwango walichokubaliana, upande wa wenyeji unafidia. Msimu uliotangulia walikuwa wameshinda mechi 18 tu. Humu wakashinda 38. Nisiwadanganye, Chris Paul aliingia timuni mwaka huohuo, na mchezaji wa namna ile anabadilisha timu popote. Lakini watu zaidi ya 18,000 kwa wastani kila mechi hawakuletwa na kimbunga. Waliletwa na maandalizi.

Tukichukua hilo tuliweke kwenye ramani yetu. Kutoka Dodoma kwenda Singida, Babati, Iringa au Morogoro, kila upande ni kilomita 240 hadi 270 hivi. Wengi watasema twende Morogoro, siku hizi kuna treni ya SGR. Sawa, ila kumbukeni Januari 2014 mafuriko ya Dumila yalivyoikata barabara ya Morogoro kwenda Dodoma. Na reli ya zamani kipande cha Kilosa hadi Gulwe kimezolewa na maji mara ngapi? Ushauri wangu ni viwanja viwili vya akiba, na visiwe njia moja. Uwe na Morogoro upande wa mashariki na uwanja wa Liti wa Singida upande wa magharibi. Mvua ikifunga upande mmoja, basi linageuza.

Barua za makubaliano ziandikwe kabla ligi haijaanza. Ndani yake, kodi ya uwanja kwa mechi ni mstari mmoja tu. Yanayoleta ugomvi ni mengine: mapato ya mlangoni yanagawanywaje, mabango ya wadhamini wa nani yanakaa wapi, vyumba vya kubadilishia nguo vinafunguliwa saa ngapi, mazoezi mara ngapi kwa wiki, taa zipo au mechi zote ni za mchana.

Na nyasi. Hapa nisikilizeni vizuri, maana ndipo wenyeji wanapojuta kukaribisha wageni. Nyasi za asili wakati wa mvua hazibebi timu mbili kirahisi. Udongo uliolowa ukikanyagwa na njumu unashindiliwa, hewa haiingii, mizizi inaoza, na panapokufa kwanza ni mbele ya magoli na njia ya mshika kibendera. Wekeni kwenye mkataba: siku tatu kati ya mechi na mechi inapowezekana, makipa wapashe misuli pembeni kwa goli la kuhamishika, mgeni asifanye mazoezi kwenye uwanja wa mechi isipokuwa mara moja siku moja kabla, na kila baada ya mechi watu sita wapite na uma za shambani kurudishia vipande vilivyong'oka na kujaza mchanga. Mchanga wa mto uliochekechwa, jamani, siyo wa kujengea wenye mawe.

Maafa yakishatokea, saa 24 za kwanza hakuna habari ya mpira. Meneja ana orodha ya kila mchezaji, kocha, daktari, dereva na mtunza vifaa, pamoja na namba ya ndugu yake mmoja. Anapiga simu mpaka kila jina limepata jibu. Uturuki, tetemeko la tarehe 6 Februari 2023 lilimuua Christian Atsu wa Ghana, mchezaji wa Hatayspor, na mkurugenzi wao wa michezo Taner Savut. Jioni iliyotangulia Atsu alikuwa ameifungia timu bao la ushindi dakika za nyongeza. Hatayspor na Gaziantep FK walijitoa kwenye ligi msimu ule: mechi zilizobaki wapinzani walipewa ushindi wa 3 kwa 0, na hawakushushwa daraja. Msimu uliofuata Hatayspor walichezea Mersin. Bodi yetu ya Ligi nayo iwe na kifungu kinachoondoa mashaka: klabu iliyopigwa na maafa inaweza kupumzika bila kushushwa. Japani mwaka ule wa 2011 walisimamisha ligi nzima hadi tarehe 23 Aprili, hivyo Vegalta Sendai, timu ya eneo lililopigwa na tsunami, hawakubaki na mlima wa viporo peke yao, na wakamaliza nafasi ya 4.

Baada ya watu, nyaraka. Leseni za wachezaji, mikataba, hati za kusafiria na vyeti vya afya vikae nakala tatu: ofisini, kwa katibu nje ya mji, na kwenye hifadhi ya mtandaoni. Vifaa Canter moja inatosha ukijipanga: seti mbili za jezi, mipira 25, koni, vizibao, sanduku la daktari, na jenereta ndogo. Njumu kila mtu abebe zake mkononi. Lori likikwama Gairo, mchezaji bila njumu zake hachezi vizuri kwa za kuazima.

Kurudi nako kuna utaratibu. Carlisle United ya Uingereza ilizamishwa na Dhoruba Desmond Desemba 2015, ikacheza Preston, Blackburn na Blackpool, na Januari iliyofuata ikawa nyumbani. Uwanja ukishafurika, toeni maji, kisha kwangueni tope lingali bichi. Likikauka linaziba udongo kama saruji na nyasi zinakufa chini yake. Maji ya mafuriko yamechanganyika na ya vyoo, kwa hiyo tabaka la juu ling'olewe, lisifunikwe. Umeme usiwashwe kabla fundi hajapima kila kebo.

Halafu tarehe. Crusaders wa raga, New Zealand, walipoteza uwanja wao kwa tetemeko la Christchurch la tarehe 22 Februari 2011. Mwaka ule wakacheza mechi za nyumbani ugenini tu, moja mpaka Twickenham, London. Mwaka 2012 wakajengewa uwanja wa muda pale Addington, humohumo Christchurch, na huo wa muda wakautumia zaidi ya miaka 10. Saints wao walipangiwa siku ya kurudi: tarehe 25 Septemba 2006 Superdome ikafunguliwa, wakawafunga Atlanta Falcons 23 kwa 3. Kwa hiyo kwenye barua ya Singida au Morogoro, andikeni mwezi wa kwanza wa kukagua kama Jamhuri iko tayari, na jina la atakayekwenda kukagua.