Gurudumu la Mbele: Namna ya Kuchagua Kigari cha Mtoto cha Magurudumu Matatu

Mhadhara kwa wazazi wanaozungumza Kiswahili, Leeds, Uingereza

Shikamooni wazee wangu. Wazazi wenzangu, hamjambo. Ahsanteni kwa kufika na mvua hii, na hasa nyinyi mliokuja na vichanga.

Nimeombwa nizungumzie vigari vya watoto, hasa hivi vya magurudumu matatu ambavyo kila anayekaribia kujifungua hapa mjini anaviulizia. Mimi ni fundi baiskeli, na kigari cha magurudumu matatu ni ndugu wa damu wa baiskeli: kina rimu, kina tyubu, kina beringi, na pancha kinapata. Kwa hiyo nitakieleza kama fundi anavyokiona, kuanzia chini kwenda juu. Rangi na vitambaa mtachagua wenyewe.

Jambo moja nataka mtoke nalo hapa. Uzuri wote wa kigari hiki uko kwenye gurudumu la mbele, na hatari yake kubwa iko hapohapo. Mtu akikuuliza bei kwanza, mwambie asubiri, aliangalie gurudumu la mbele kwanza.

Nianze na kilikotoka, maana kinaeleza mengi. Mwaka 1980, huko Yakima katika jimbo la Washington, Marekani, mwandishi wa gazeti aitwaye Phil Baechler, ambaye pia alikuwa mkimbiaji, alitaka kukimbia pamoja na mwanawe mdogo. Akachukua kigari cha kawaida, akakifunga magurudumu ya baiskeli. Mwaka 1984 akafungua kampuni, na kigari chake, Baby Jogger, ndicho kilichowafungulia njia hivi tunavyoviona leo. Miaka 15 kabla ya Baechler, hapa Uingereza, mhandisi wa ndege Owen Maclaren, aliyewahi kushughulika na miguu ya ndege ya kivita ya Spitfire, alibuni kigari cha alumini kinachokunjika kama mwavuli, chenye uzito usiofika kilo 3. Ilikuwa 1965.

Mnaona tofauti? Mmoja alitaka kukimbia kwenye njia mbaya, mwingine alitaka mzazi akunje, abebe mkononi, apande gari. Kila kigari mtakachokikuta dukani leo kinavutwa na mmoja kati ya watu hawa wawili. Wauzaji watawaambia chao kinafanya yote mawili. Mimi sijakiona cha namna hiyo, na vigari vingi vimepita mikononi mwangu.

Sasa sogeeni kidogo mbele, mkitazame hiki. Gurudumu moja mbele, mawili nyuma, yote ya tairi za upepo. Ninaweka kipande cha ubao chini ya gurudumu la nyuma la kushoto. Kimeinama kidogo, lakini hakichezi, magurudumu yote yamekanyaga. Ni kama mafiga matatu, hata ardhi ikiwa na mabonde chungu nzima hakitikisiki. Kigari cha magurudumu manne kisicho na springi ningekifanyia hivi, gurudumu moja lingening'inia hewani, na mpini ungeanza kukupinda mkono. Ndiyo sababu kwenye nyasi, kokoto na mizizi ya miti hiki kinakwenda kwa raha. Ukikisukuma kuzunguka ziwa la Waterloo pale Roundhay Park, au kwenye njia ya kando ya mfereji kuelekea Kirkstall, utakipenda.

Lakini angalieni upande wa pili wa jambo hilo. Chukueni chaki, chora mstari kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma kulia, kisha hadi la nyuma kushoto, halafu urudi mbele. Mmepata pembetatu. Uzito wa mtoto ukibaki ndani ya pembetatu hiyo, kigari kimetulia. Ukitoka nje ya mstari, kinalala. Na kwa kuwa pembetatu ni nyembamba kule mbele, mtoto aliyejinyoosha mbele na pembeni kwa pamoja, tuseme anamfukuzia bata, anausogeza uzito karibu sana na mstari. Ukiwa wakati huohuo unakata kona kwenye mteremko, na mteremko ndio sura ya mji huu, hapo ndipo kinapopinduka. Dawa yake ni mkanda wa sehemu tano: mabega mawili, nyonga mbili, na ule wa katikati ya miguu. Ufunge kila safari, hata ya kwenda dukani tu, na uubane mpaka vidole viwili tu vipite chini yake.

Nyuma nako kuna lake. Mifuko ya sokoni mnayoitundika kwenye mpini inavuta uzito nyuma ya magurudumu. Mtoto akiwemo, anasawazisha mizani. Ukimtoa tu, kigari kinakwenda chali na viazi vyote. Na kama ni mtoto mwepesi, si lazima hata umtoe. Mizigo iwekwe kwenye kapu la chini.

Haya, gurudumu lenyewe. Yako ya aina tatu. Kuna lililofungwa moja kwa moja, haligeuki. Ukitaka kukata kona unakandamiza mpini, pua inanyanyuka, unageuza. Kuna linalogeuka lenyewe kila upande, kama magurudumu ya toroli la dukani. Na kuna linalogeuka lakini lina pini ya kulifunga likae wima. Kwa wengi wenu nashauri hili la tatu. Dukani na kwenye lifti unaliacha huru, unasukuma kwa mkono mmoja. Ukishika njia ya kokoto au ukianza kukimbia, unalifunga.

Kwa nini ulifunge? Gurudumu lililo huru, mwendo ukiongezeka, huanza kutetemeka kulia na kushoto kwa kasi. Likigonga jiwe wakati huo linaweza kukaa mshazari ghafla, na kigari kinasimama wewe ukiwa bado unakimbia. Mtoto ndiye wa kwanza kufika chini. Kwa hiyo usikimbie na gurudumu huru, hata hatua kumi.

Na hapa kuna kipimo ambacho muuzaji hatakuonyesha. Lifunge gurudumu, weka kigari kwenye sakafu tambarare, kisukume taratibu, kiachie, ukiwa umeshika ile kamba ya mkononi, iliyofungwa kwenye kigari ili kisikuponyoke. Kiende sawasawa kama hatua nne. Kikivuta upande mmoja, jaribu kukirekebisha. Vingi vina kirungu cha kurekebishia pale penye ekseli ya mbele. Kikikataa kurekebika, fremu huenda imepinda. Kiache. Mkono wako utakuwa unapigana nacho kila siku.

Jambo linalonikosesha raha kuliko yote ni namna gurudumu hilo linavyofungwa kwenye fremu. Vigari vingi hutumia wenzo mdogo unaopinduliwa kwa mkono, uleule wa baiskeli, ili gurudumu litoke haraka ukitaka kukitia kwenye buti la gari. Wenzo huo una namna yake. Unakaza nati kwanza, kisha unaukunja wenzo, nao ukuache alama kiganjani. Ukikunjika kirahisi kama karatasi, haujafunga kitu. Wengi hawaambiwi hili. Mwaka 2018 tume ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa ilifungua shauri dhidi ya kampuni ya Britax kuhusu vigari vya magurudumu matatu vya BOB, ikisema gurudumu la mbele lilikuwa likichomoka watu wakiwa njiani, na kwamba watoto wasiopungua 50 na watu wazima 47 walikuwa wameumia. Kampuni ilikana kwamba vigari vina kasoro. Shauri likaisha mwaka huohuo kwa makubaliano, na kampuni ikakubali kuendesha kampeni ya kuwaelimisha wenye vigari namna ya kufunga wenzo.

Nawaeleza haya kwa sababu wengi wenu mtanunua cha mkono wa pili, na mnafanya vizuri, maana vipya bei yake inauma. Ila ukikuta cha mkono wa pili, litoe gurudumu la mbele mwenyewe, lirudishe mwenyewe, kisha inyanyue fremu na ulivute gurudumu kwa nguvu. Tafuta pia kibandiko chenye namba EN 1888. Hicho ndicho kipimo cha usalama cha vigari hapa Ulaya.

Tuje nyumbani sasa, maana naona akina mama wa Harehills wananitazama. Nyumba nyingi za kule ni zile zilizopeana migongo: mlango unafunguka moja kwa moja barabarani, kabla ya mlango kuna ngazi za mawe, na ukiingia uko sebuleni, ukumbi haupo. Kigari cha tairi za upepo kina kilo 10 hadi 14. Mjumlishe mtoto wa kilo 9. Huo ndio mzigo utakaopandisha ngazi hizo, mvua ikinyesha, ukiwa labda umejifungua kwa upasuaji. Kabla hujalipa pesa, pima upana wa mlango wako kwa utepe, kisha upime upana wa magurudumu ya nyuma. Halafu kikunje hapohapo dukani, uone kitakaa wapi. Vingi, hata vikikunjwa, vinabaki na ukubwa wa meza ndogo.

Na basi. Tarehe 24 Februari 2012, bwana mmoja anayetumia kiti cha magurudumu, Doug Paulley, alitaka kupanda basi kutoka Wetherby kuja hapa Leeds. Nafasi ya kiti cha magurudumu ilikuwa imekaliwa na mama mwenye kigari na mtoto amelala. Dereva alimwomba mama asogee, naye mama akasema kigari hakikunjiki. Bwana yule akaachwa. Kesi ikafika Mahakama ya Juu, na Januari 2017 majaji wakaamua kwamba haitoshi dereva kuomba tu kisha akaacha. Mtu akikataa bila sababu ya maana, dereva lazima aangalie la kufanya zaidi. Simlaumu yule mama, nimeona mtoto akiamshwa ndani ya basi. Lakini nafasi ile ni ya mwenye kiti cha magurudumu, na atakapofika wewe utakunja. Kama safari zako ni za basi kila siku, jaribu kukunja kwa mkono mmoja, mtoto akiwa kwenye mkono wa pili. Ukishindwa dukani, kwenye basi hutaweza. Mtu wa basi namwambia waziwazi achukue kile chepesi cha ukoo wa Maclaren.

Bibi pale nyuma amenyoosha mkono. Ndiyo, shikamoo. ... Bibi anauliza kwa nini kichanga asibebwe kwa kanga. Bibi, nakuunga mkono, na si kwa heshima tu. Mtoto mchanga hawezi kukaa. Wataalamu wa afya wa nchi hii wanasema mtoto mdogo awekwe kwenye kigari ambacho kiti chake kinalala chali kabisa, na vigari vingine visubiri mpaka akae mwenyewe bila kushikiliwa. Vingi vya kukimbilia vimeinuka mgongo. Kwa hiyo miezi ile ya mwanzo, kwa ngazi zile za Harehills, mbeleko inashinda kigari chochote. Na wanaotaka kukimbia, watengenezaji wengi wanasema angalau miezi 6, wengine zaidi. Soma kitabu chake, kisha umuulize mkunga au nesi wako. Wakati huo Jumamosi saa 3 asubuhi pale Woodhouse Moor, ambapo watu hukimbia kilomita 5 bila malipo, mtakuwa bado mnasubiriwa.

Tairi nizipitie haraka. Za upepo ni laini, zinameza mashimo, lakini zinataka pampu. Upepo unaohitajika umeandikwa ubavuni mwa tairi. Valvu mara nyingi ni kama ya gari. Kuanzia vuli wakulima na manispaa hukata vichaka vya miba, na vipande vinabaki njiani. Kwa miezi hiyo pancha zinanijia kwa wingi. Ipo dawa ya kumwaga ndani ya tyubu, inaziba tundu dogo lenyewe, nami naitumia. Zile za sponji hazipati pancha, ila zinarusha, na mtoto akiwa amelala utajua.

Kuhusu jua, kofia ya kigari iwe ndefu, iwe na dirisha la hewa. Msifunike kigari kwa shuka kavu wakati wa joto. Gazeti la Svenska Dagbladet la Sweden lilipima mwaka 2014: kigari kilichokuwa na nyuzi 22 kikafunikwa kitambaa chepesi, na baada ya nusu saa ndani mlikuwa na nyuzi 34. Mtoto akiwa humo, huwezi hata kumwona uso.

Breki ya mguu ifunge magurudumu yote mawili ya nyuma kwa pamoja. Simama mteremkoni, ikanyage, kisha usukume. Kwa anayekimbia, awe pia na breki ya mkono, na ile kamba iwe mkononi kila mara, isizungushwe kwenye mpini.

Nimekuja na pampu, spana na viraka. Waliokuja na vigari vyao, naona vitatu pale mlangoni, vileteni hapa mezani. Mama uliye mbele, tuanze na chako. Naomba utoe gurudumu la mbele wewe mwenyewe, mimi nitakuangalia.