Mjomba, Ile 5.0 Haikuwa Fasti Klasi

Wadau, mambo vipi, na wakubwa wote shikamooni. Niko jikoni hosteli, hapa Berlin, saa tano usiku. Jirani kalala, kwa hiyo leo naongea chini chini, ongezeni sauti.

Kila siku mnaniuliza kwenye komenti: "Kaka, kusomea kompyuta Ujerumani kukoje?" Nitawaambia. Lakini kwanza nina deni na mjomba wangu, na najua anaangalia. Mjomba, tafuta kiti.

Mnakumbuka nilivyotuma matokeo yangu ya algorithimu, lile somo la hatua za kompyuta kutatua tatizo, kwenye grupu la ukoo? 5.0. Mjomba akaandika FASTI KLASI, herufi kubwa tupu. Mama akachinja jogoo, picha akanitumia, yule jogoo mwekundu mwenye kiburi. Na siwalaumu. Pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, GPA ya juu kabisa ni 5.0, mtu angejuaje? Ila huku namba zimepinduliwa. 1.0 ndiyo baba lao. 4.0 ndipo unapoponea. 5.0 ni kufeli. Ni sapu, jamani.

Naapa sikupanga kudanganya. Nilitaka kusema nimefeli, maneno yakanikwama, nikatuma namba peke yake. Hongera zikaanza kumiminika. Ningeanzia wapi? Na kile kiwanja cha Chanika kilishauzwa! Maana chuo cha umma hapa Berlin hakidai ada ya masomo, unalipa mchango wa muhula tu, lakini kabla ya viza lazima uonyeshe hela ya kujikimu mwaka mzima kwenye akaunti maalumu iliyozuiwa, unachota kidogo kidogo kila mwezi. Kwangu ilikuwa euro 11,904. Haya, mwambie aliyeuza kiwanja kwamba umepata sapu.

Sasa, nilifeli vipi? Mimi mtoto wa PCM, fizikia, kemia na hesabu, hizo hesabu nilikuwa naona kama kunywa uji. Lakini kidato cha sita unaambiwa "tafuta x". Huku unaambiwa "thibitisha". Thibitisha nini, si nimeshapata jibu? Hawataki jibu, wanataka kujua kwa nini jibu haliwezi kuwa jingine, tena kwa Kijerumani. Wale mnaodhani tunashinda tunabonyeza kibodi, mtihani wenyewe ni karatasi na kalamu, dakika 90, programu unaiandika kwa mkono kama barua ya posa.

Swali la tatu ndilo lililonimaliza. Kulikuwa na mchoro: vituo, mishale, na gharama kwenye kila mshale. Tafuta njia ya bei ndogo kuliko zote. Nikatabasamu kabisa, nikapiga njia ya Dijkstra, yule Mholanzi aliyeichapisha mwaka 1959. Ichukulie daladala. Umetoka Mbagala, unakwenda Mwenge. Kila hatua unachagua kituo ambacho mpaka sasa kimekugharimu nauli ndogo zaidi, unakifunga, hukirudii tena. Na inakubali, kwa sababu kadiri unavyosafiri nauli inaongezeka tu. Hakuna konda duniani anayemlipa abiria.

Sasa yule mwalimu, Mungu anamwona, kwenye mshale mmoja kule pembeni kaandika hasi 4. Yaani konda anakurudishia hela! Kwa hiyo ukizungukia njia ya ghali, mwishoni inaweza kukutokea rahisi. Mimi kile kituo nilishakifunga zamani, nimepigia mstari na rula. Pale ilitakiwa njia ya Bellman na Ford, ile inayopitia mishale yote tena na tena bila kujifanya imeshamaliza. Ile hasi niliiona. Niliiona kabisa, nikadhani ni doa la wino.

Vyuo vingi huku unapewa nafasi tatu kwa somo. Ukianguka ya tatu umedisko, na kozi hiyohiyo huwezi kwenda kuianza upya chuo kingine. Usingizi uliniisha. Nikamfuata dada mmoja wa Vietnam tuliyekuwa tunasoma naye, hacheki hovyo. Akanipa sharti moja: usinisomee notisi, nieleze. Kila nikisema "hapa ni wazi tu", ananigongea meza na kalamu: wazi kwa nani? Wiki sita hizo. Nyumbani nilikuwa napiga msuli kwa kukariri pasti pepa, na nilikuwa hatari, lakini kwa yule dada kukariri kulikuwa hakununui hata maandazi.

Mtihani wa pili nikapata 3.7. Kwa hapa ni kupita, kwa kuchechemea, lakini ni kupita. Nililia kwenye treni, mama mmoja wa Kijerumani akanipa tishu bila kuniangalia usoni.

Nikatuma kwenye grupu: 3.7. Kimya. Dakika kumi baadaye mjomba akaandika, "Mjomba, mbona umeshuka? Umeanza mambo ya wasichana?"

Nikajibu, nitajitahidi.

Mjomba, hii ndiyo ilikuwa ya jogoo.