Pawa Saplai ya Mezani: Kazi Kubwa Iko Kwenye Ampea

Ndugu zangu, karibuni. Hapa mezani nimeweka vitu viwili. Kimoja ni boksi la bati lenye pawa saplai, kifaa cha kugeuza umeme wa ukutani kuwa volti ndogo za kuwashia bodi, niliyoiunda kwa mikono yangu. Kingine ni bodi ndogo ya kijani. Mlioko mbele mnaona pale katikati: aisi, yaani kile kipande cheusi chenye saketi ndani yake, imepasuka, na pembeni yake pamebaki weusi. Bodi hii nilihangaika nayo wiki tatu. Siku ya kuiwasha nikageuza nyaya, chanya ikaingia kwenye hasi, na kabla sijanyanyua mkono harufu ilikuwa imeshatapakaa chumbani.

Pawa saplai niliyotumia siku ile haikuwa mbovu. Ukiiwekea volti 5 ilitoa 5 kamili. Ila haikujua kusema basi. Bodi inayokula mkondo wa miliampea 40 ilisukumiwa ampea nzima, yaani miliampea 1000, na zaidi. Ndiyo maana leo sitazungumza sana juu ya volti. Volti ni kazi ya jioni moja.

Nizipitie haraka basi. Transfoma inashusha umeme wa ukutani hadi volti 18, na iwe ya ampea 2 kama unataka ampea 1 ya uhakika. Dayodi nne, zinazopitisha umeme upande mmoja tu, zinanyoosha mkondo. Kapasita ya maikrofaradi 4700, inayotunza chaji, inajaza mabonde ya volti. Volti 18 zile zikizidishwa kwa 1.414, ukatoa 1.4 zinazoliwa na dayodi, unabaki na takribani 24. Lakini transfoma isiyo na mzigo hutoa zaidi ya ilivyoandikwa, kwa hiyo msinunue kapasita ya volti 25. Chukueni ya 35. Na kwenye umeme wa hezi 50, ukivuta ampea 1, kapasita hiyo inashuka kama volti 2 kila baada ya milisekunde 10 kabla haijajazwa tena. Kwa hiyo hesabu zenu zianzie 22, si 24.

Kisha inakuja LM317, aisi ya kupanga volti. Aisi hii ina miguu mitatu tu, na inafanya jambo moja kwa uaminifu mkubwa: kati ya mguu wa kutolea na mguu wa kurekebishia inahakikisha pana volti 1.25 wakati wote. Weka hapo rizista, kipande kinachobana mkondo, ya omu 120, utapata mkondo wa miliampea 10 na kidogo, na mkondo huo unateremka kwenye potenshiometa, yaani rizista ya kuzungusha, hadi hasi. Ukiongeza omu za potenshiometa, volti zinapanda. Michoro mingi huonyesha omu 240 mahali pa 120. Mimi nashikilia 120, kwa sababu LM317 inaweza kuhitaji hadi miliampea 10 ndipo itulie, na ikizikosa volti hupanda zenyewe bila mtu kugusa kitufe. Potenshiometa yangu ni ya kiloomu 2, na nimeilaza sambamba na rizista ya kiloomu 4.7. Nikiizungusha hadi mwisho napata karibu volti 16.

Sasa twende kwenye ampea. Chukua LM317 ya pili, iweke kabla ya ile ya kwanza, lakini usiiunge kwa kupanga volti. Rizista moja tu itoke kwenye mguu wake wa kutolea, na ncha ya pili ya rizista irudi kwenye mguu wa kurekebishia. Mkondo wote wa mzigo unapita humo. Aisi haikubali volti zizidi 1.25 juu ya rizista hiyo, kwa hiyo mkondo hauwezi kuzidi 1.25 gawanya kwa omu zake. Omu 27 zinakupa miliampea 46. Omu 12, miliampea 104. Omu 2.7, miliampea 463. Omu 1.2, ampea 1 na ushee, na hiyo ya mwisho iwe ya wati 3 kwa sababu inapata moto. Swichi ya kuzungusha yenye nafasi nne inachagua mojawapo. Gharama yake ni hizi LM317 mbili kula volti kadhaa njiani, na ndiyo sababu nikaishia 16. Nimeridhika nazo kabisa.

Tuione. Naweka swichi kwenye omu 12, volti 9. Naunga waya mwekundu na mweusi kupitia mita, shoti kamili. Miliampea 103. Hakuna cheche, hakuna harufu, na fyuzi ni nzima. Naachanisha, volti 9 zimerudi. Bodi yangu ya kijani ingekutana na hii, naamini ingekuwa inafanya kazi hadi leo.

Lakini kuna kosa linaloharibu yote haya, na nimeliona kwenye vifaa vingi vya watu makini. Mtu anamaliza kazi, halafu kwenye vituo vya kutolea anafunga kapasita ya maikrofaradi 1000 ili volti zitulie. Kapasita hiyo iko baada ya kizuizi chako cha mkondo. Ikishajaa volti 12, inashikilia milijuli 72, na ukipiga shoti inazimwaga zote mara moja bila kumuuliza mtu. Swichi yako inasema miliampea 46, taa ya LED iliyoungwa bila rizista inakufa vilevile. Mimi naweka maikrofaradi 10. Milijuli hazifiki hata 1, na LM317 inatulia vizuri.

Kuhusu joto, nisiwadanganye. Ukitaka volti 5 kwa ampea 1 wakati zinaingia 22, mzigo unapata wati 5, na wati 17 zinageuka joto ndani ya boksi. Ukipiga shoti kwenye nafasi ya ampea 1, karibu zote 22 zinaangukia ile LM317 inayobana mkondo. Yenyewe ina kinga, ikizidiwa inabana mkondo, lakini msiifanye kinga hiyo kuwa desturi. Tafuteni hitisinki, bati la kupoozea, kubwa yenye mapezi, mpitishe matundu juu na chini ya boksi. Na kumbukeni kwamba bati la mgongoni mwa LM317 limeungana na mguu wa kutolea, si na hasi. Hizi mbili zina volti tofauti migongoni. Kila moja iwe na kipande chake cha maika, kisichopitisha umeme, na bushi (kikole) ya plastiki kwenye skrubu, kisha upime kwa mita kwamba haziungani kupitia hitisinki.

Upande wa umeme wa ukutani sina mjadala. Fyuzi kabla ya transfoma, waya wa ethi ufungwe kwa nguvu kwenye bati la boksi, na kila kiungio kifunikwe. Ukizima, subiri kapasita kubwa itoke chaji, pima, ndipo uingize mkono.

Siku ya kwanza ya kuwasha bodi mpya mimi nafanya hivi: swichi kwenye miliampea 46, potenshiometa chini kabisa kwenye 1.25, macho kwenye mita ya mkondo, kisha napandisha taratibu. Mkondo ukiruka hadi 46 wakati volti zimegoma kupanda, nazima na kutafuta nyaya nilizogeuza. Njooni sasa mezani mjaribu wenyewe, na hii bodi iliyoungua nayo mkaishike.