Piga kofi kwanza, spika baadaye

Asalaam aleikum jamani, ahsanteni kwa kuja na jua lote hili, leo twaongea sauti ya filamu sebuleni. Ukirudi nyumbani leo simama katikati ya sebule upige kofi moja la nguvu, ukisikia trrrr inakimbia ukutani basi ujue mgonjwa si spika, ni chumba. Si mwazijua nyumba zetu hapa Mombasa, chini taili, kuta simiti, dari iko juu joto lipande, sasa sauti haina pa kulala, yagonga yarudi, maneno ya filamu yanapandana mpaka mtu anaongeza volyumu, na akiongeza anaongeza na mwangwi!

Zulia zito mbele ya sofa lasaidia sana. Mkeka mtupu hapana, nawaambia ukweli, ni mwembamba mno. Kuta za pembeni nazo, kaa pale unapokaa siku zote, mtoto apitishe kioo ukutani polepole, ukiiona spika ndani ya kioo mwambie simama, hapo ndipo sauti inapogonga kwanza, tundika pazia zito hapo hapo.

Spika mbili za mbele na kichwa chako ziwe pembetatu ya pande sawa, twita, kile kispika kidogo cha sauti nyembamba, kiwe usawa wa sikio. Zile mbili za surround, za kukuzungusha sauti, kwenye seti ya 5.1, yaani spika tano na wufa moja, watu wazipachika nyuma kabisa karibu na dari, mie hilo laniuma, mahali pake ni ubavuni kurudi nyuma kidogo, nyuzi 90 hadi 110 ukihesabu kutoka mbele yako, juu ya sikio kidogo tu.

Kazi yenyewe ni besi. Kwa joto letu sauti yaenda kama mita 350 kwa sekunde, chumba cha mita 4 kwenda na kurudi ni 8, gawa 350 kwa 8, wapata hezi 44 hivi, yaani mitetemo 44 kwa sekunde, noti hiyo itavimba ukutani na katikati ya chumba itapotea, kwa hivyo sofa isigande ukutani wala isikae katikati kabisa. Wufa nayo, ile spika ya besi, iweke kwanza juu ya sofa, cheza wimbo wenye besi, halafu wewe tambaa chini kandokando ya ukuta, usione haya, pale besi inaposikika safi bila kuvuma ndipo pa kuiweka.

Kuna mzee mtaani Kibokoni wufa yake ilikuwa kona, vikombe vyote kabatini vyalia. Tukatambaa, tukaisogeza hatua mbili tu, vikombe kimya, mzee akageuka akaniuliza, kumbe huyu jamaa kwenye filamu alikuwa akinong'ona?